Shairi Lisilo na Orodha

Weris Yahye alikuwa ametumia miaka kumi na sita akisema maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani katika mahakama moja mjini Garissa. Kiti chake cha mbao kilikaa kati ya kizimba na meza ya hakimu, na kila kilichotoka kizimbani kwa Kisomali alikigeuza kuwa Kiswahili kabla hakijapoa, kisha akarudisha jibu kwa njia ileile. Mshitakiwa akisema "mimi", naye alisema "mimi". Kwa hesabu hiyo alikuwa ameiba mbuzi, amepotelewa na hati za ukimbizi, amempiga jirani kwa mwiko, ameapa kwamba siku hiyo hakuwapo kabisa, na ameomba msamaha mara zisizo na idadi, yote kwa sauti moja, haipandi wala haishuki.

Mahakimu walimpenda kwa sababu hiyo. Walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki. Mmoja wao alipokuwa akiaga alimsifu mbele ya makarani kwamba kumsikiliza Weris ni kama kutazama kitu kupitia maji safi: unaona kilichomo, maji huyaoni. Weris alishukuru. Jioni ile, akipika, aliyafikiria yale maneno na hakujua kama yalikuwa sifa au la.

Alizaliwa Eldas, upande wa Wajir, binti wa Yahye Jelle aliyechunga ngamia. Kila kisimani kule Yahye alijulikana kwa gabay zake. Gabay ni shairi la wanaume, refu, na lina sheria moja isiyo na huruma: herufi uliyoanza nayo lazima isikike katika kila mstari mpaka mwisho. Ukianza na G, unatembea na G. Mtunzi aliyepoteza herufi katikati alikuwa sawa na mchungaji aliyepoteza mnyama njiani. Hakuna aliyempiga, ila hakuna aliyesahau. Weris alijua kuwinda herufi kabla hajajua kuiandika.

Alipofika umri wa shule alipelekwa Garissa kwa eeddo wake, Maano, dada ya baba. Huko alikutana na Mwalimu Mwadime, Mtaita mwembamba aliyefundisha mashairi ya Kiswahili kwa kugonga dawati kwa chaki. Gonga nane, pumzika, gonga nane. Vina katikati, vina mwishoni. Weris aliona kwamba watu hawa nao wana sheria yao, ila wao huifunga mkiani pale Wasomali wanapoifunga kichwani. Jambo hilo lilimpendeza. Lililomsumbua lilikuwa P. Kisomali hakina sauti hiyo, na ulimi wake ukaileta kama B. Siku alipoitwa kusoma akasema "bole bole ndio mwendo", darasa zima lilicheka, wakiwamo wale ambao wangesema vilevile. Mwezi mzima alisimama mbele ya kioo cha eeddo akibana midomo na kuiachia, mpaka P ikatoka. Alipomaliza kidato cha nne alighani shairi hata ungedhani amezaliwa Voi. Likizo ile alirudi Eldas, na nyanya yake akamsikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwamba mtoto huyu sasa anazungumza Kisomali kama anayesoma kibao cha dukani.

Alipotimiza miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho. Siku zile watu wa kwao hawakupewa hivi hivi; walihojiwa kwanza na jopo la wazee na maafisa. Upande mmoja wa meza aliulizwa majina ya mababu, akayataja hadi wa saba akamruka, na mzee mmoja akaandika kitu. Upande wa pili afisa alimsikiliza akijieleza, akasema Kiswahili chake ni kisafi mno kwa msichana wa Eldas, huenda ametokea kwingine. Naye akaandika kitu. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi kumi na moja. Weris alikuwa akikisimulia kisa hicho bila uchungu, kama mtu anavyotaja ukame wa mwaka fulani.

Aliolewa, akapata binti mmoja, Ayan. Mumewe alifariki binti akiwa na miaka sita. Nyumbani Weris alizungumza na mtoto kwa Kiswahili. Sababu aliyowaambia watu ni kwamba hakutaka Ayan achekwe darasani. Sababu ya pili hakuitaja: ikifika jioni alikuwa amechoka kuvuka daraja kwenda na kurudi, alitaka kukaa ng'ambo moja tu.

Mambo yalibadilika Modogashe, katika mahakama inayohamahama. Kila baada ya wiki kadhaa hakimu, karani na mkalimani walipanda gari kwenda kusikiliza kesi katika miji ya mbali, na Modogashe walikalia ukumbi wa chifu, karibu na njia panda ambapo malori ya Isiolo husimama. Siku hiyo aliletwa mzee aitwaye Warfa, mwenye ndevu zilizopakwa hina na fimbo aliyonyang'anywa mlangoni. Shtaka lilikuwa kuharibu mali kwa makusudi. Lori lilikuwa limemgonga ngamia wake jike, na kabla dereva hajashuka, mzee alikuwa ameshavunja kioo cha mbele kwa fimbo ile. Dereva, Mmeru aitwaye Kirimi, alikuwa ameketi benchi la walalamishi, kofia magotini.

Hakimu aliuliza kama mshitakiwa anakubali shtaka au anakataa. Weris akageuza.

Mzee Warfa alimtazama. "Adeer," yaani ami, alimwambia, maana mzee wa Kisomali humwita kijana kwa jina lilelile ambalo kijana humwita yeye, "mwambie nitasema."

Kisha akasema kwa gabay. Hakupaza sauti. Alishika ukingo wa kizimba, ambacho kilikuwa meza iliyolazwa ubavu, akatoa mistari kumi hivi, na yote ilikwenda kwa herufi D. Hata askari mlangoni, ambaye alikuwa Msomali wa Lafey, aliacha kuchezea funguo.

"Mkalimani?" hakimu akasema. "Amesema nini?"

Weris alifungua mdomo kusema jinsi alivyozoea: kwamba mshitakiwa anaeleza mazingira ya tukio. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, safi, hayana ladha. Badala yake akajisikia akisema:

"Dahabo ndilo jina lake. Dawa ya watoto wangu ilitoka kiweleni mwake, dhiki ilipofika, duka zote zikiwa zimefungwa. Dereva alipita, dunia ikawa vumbi, damu ikaandika barabarani. Dirisha ninyi mtalipata dukani. Dahabo nitampata duka gani?"

Hakimu, mwanamke wa makamo kutoka Nyeri, alikuwa ameinua kalamu na hakuandika kitu.

"Hati ya mashtaka inasema kioo cha mbele," alisema mwishowe. "Si dirisha."

"Ni kioo, Mheshimiwa. Nimeteleza."

"Amekubali au amekataa?"

"Hajakubali wala hajakataa, Mheshimiwa. Amemtaja ngamia."

Kirimi alinyanyua mkono bila kuruhusiwa. Alisema yeye alijua amegonga mnyama, hakujua kwamba ana jina. Hakimu alimwambia anyamaze, kisha baada ya kuandika mistari miwili akawauliza wote wawili kama wangependa kuongea nje mbele ya chifu na wazee. Waliongea saa nzima kwenye kivuli cha tangi la maji. Waliporudi, kila mmoja alikuwa ameamua kubaki na hasara yake. Warfa alirudishiwa fimbo. Akipita mbele ya Weris alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe umesema fisuri. Mimi nimesikia D."

Njiani kurudi Garissa hakimu hakumkaripia. Alimuuliza tu kama amewahi kufanya vile.

"Hapana," Weris akajibu. Na ilikuwa kweli, na ikamshangaza mwenyewe kwamba ilikuwa kweli.

Tangu wiki ile akaanza kuandika. Aliandika nyuma ya orodha za kesi zilizopitwa na wakati, ambazo karani alikuwa akizitupa. Alitaka shairi lenye sheria zote mbili: herufi ya baba yake kichwani, vina vya Mwalimu Mwadime katikati na mkiani. Alijaribu M, akaona ni rahisi mno kwa Kiswahili. Alijaribu X ya Kisomali, ile ha inayotoka kooni, akakosa mwenzake. Mwisho akatulia kwenye B, herufi ambayo lugha zote mbili zinayo kwa wingi, na ambayo yeye binafsi aliwahi kuwa nayo zaidi ya ilivyotakiwa. Alichukua miezi minne kupata ubeti mmoja. Biyo ni maji. Balli ni bwawa linalokusanya maji ya mvua nyikani. Barwaaqo ni neema, ule wakati ambapo nyasi zimeota, wanyama wamenenepa, na hakuna mtu anayeuliza mwenzake ataishije. Uliposimama, ubeti ulikuwa hivi:

Baba alinipa biyo, kutoka balli la bara,
Bado waburudi moyo, bila bei na hasara,
Bibi akaimba hayo, barwaaqo ni neno bora,
Bila hii, bila hiyo, bubu asiye ishara.

Akaendelea na beti nyingine tano, mbaya kuliko huo, akazichana mbili.

Mwaka ule kulitangazwa siku ya utamaduni mjini, na washairi wakaalikwa. Weris alikwenda kujiandikisha saa za chakula cha mchana. Mezani alikaa kijana wa ofisi aitwaye Hanad mwenye karatasi mbili mbele yake.

"Mama, Kisomali au Kiswahili?"

"Yote mawili."

"Kwa hiyo mashairi mawili."

"Shairi moja."

Hanad alitazama karatasi ya kulia, akatazama ya kushoto, akainua zote kidogo kana kwamba kuna ya tatu imejificha chini. "Orodha ni mbili tu," alisema kwa upole.

"Basi niandike kwenye zote."

Majaji walisoma maandishi kabla ya siku yenyewe, wakawaita washairi mmoja mmoja. Upande wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Nyevu, mama wa Kigiriama aliyekuwa amefundisha Garissa miaka mingi. Alikuwa ameukariri ubeti wa kwanza, na alianza kwa kuugonga mezani kwa kidole. Kwenye mstari wa tatu kidole kikasimama.

"Hapa pana tabu," alisema. "Barwaaqo. Wewe umehesabu mizani ngapi?"

"Tatu, Mwalimu. Bar, waa, qo."

"Kwa Kisomali tatu. Kwa Kiswahili hatuna silabi inayofungwa na R namna hiyo, wala irabu haiburutwi hivi. Mimi nikilisema, linakuwa nne au tano, na mstari unapasuka." Alivua miwani. "Shairi ni zuri, Weris, sikufichi. Lakini mizani yangu haina jiwe la kupimia neno hili. Nikikupa alama nitakuwa nimezibuni."

Upande wa Kisomali alikuwa Mzee Zakariye, aliyesifika kwa kujua gabay za watu waliokufa zamani. Yeye hakushika karatasi, alisomewa. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

"Herufi umeichunga," alisema. "Lakini maziwa ya ngamia ukishayatia majani ya chai, huwezi kuyapeleka sokoni ukasema ni maziwa."

"Adeer, asubuhi hii ulikunywa nini?"

Zakariye alifumbua jicho moja. "Chai ya maziwa."

"Ilikuwa mbaya?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hata hivyo alama hakumpa, na Weris hakuzidai. Katika kazi yake alikuwa ameona hukumu nyingi zikitolewa na watu waadilifu, na alijua kwamba uadilifu wa mtu ni kitu kimoja na kushinda kesi ni kitu kingine.

Siku ya sherehe jina lake halikuitwa kwa orodha yoyote. Alikuwa ameketi na wanawake wa sokoni nyuma ya hema, baibui jeusi kama siku zote za kazi. Kukiwa kumebaki kama dakika ishirini kabla ya adhuhuri, kikundi cha ngoma kilichotarajiwa kilikuwa bado kiko njiani, na Hanad akapita kati ya viti akimtafuta mtu yeyote wa kujaza pengo. Alipomwona, alisita, kisha akamwinamia. "Mama, lile lako moja. Unaweza kulisoma?"

Alilisoma kwa sauti ya mahakamani, bila madoido, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine. Mzee mmoja safu ya mbele alisimama akaondoka, pengine kwenda kutawadha. Vijana waliokuwa wamesimama kando waliacha simu zao, mmoja akapaza sauti, "Mathe, hiyo imeweza!" Lul, muuza maziwa ambaye banda lake lilikuwa karibu na soko la mifugo, alipiga kelele kutoka nyuma: "Rudia hapo kwa bubu!" Akarudia. Lul akataka tena. Mara ya tatu wanawake wa nyuma walikuwa wakiusema mstari pamoja naye, wengine wakisema "bila hii" wakinyoosha mkono mmoja, na "bila hiyo" wakinyoosha wa pili, jambo ambalo Weris hakuwa amelifikiria. Halafu adhana ikaanza, watu wakainuka. Alipewa cheti cha kushiriki. Jina lilikuwa limeandikwa Waris.

Siku ya tatu Ayan alipiga simu kutoka Nairobi, alikokuwa akisomea uuguzi. Kuna mtu alikuwa amerekodi, na mkanda ukamfikia kupitia kwa rafiki wa rafiki.

"Hooyo, umewabamba! Darasa letu lote wamekuona. Kumbe unatunga?"

"Kidogo."

"Ni noma. Lakini nieleze, balli ni nini?"

Weris alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Balli. Na hiyo barwaaqo. Watu wananiuliza mimi ndio Msomali, niwaeleze, na mimi sijui."

Weris alimweleza. Alimweleza vizuri, kama anavyoeleza shahidi, kwa maneno machache. Alipokata simu alibaki ameketi kitandani na cheti kile mkononi. Kisomali cha Ayan kilikuwa salamu, majina ya vyakula na dua. Yote mengine Weris aliyazuia mlangoni yeye mwenyewe, jioni moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa amechoka. Hakulia. Aliandika barua ya kuomba likizo ya siku kumi, na Ayan alipofunga chuo, wakasafiri pamoja kwenda Wajir na kutoka huko hadi Eldas.

Yahye Jelle alikuwa amepita miaka themanini. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa makali, na alimtambua mjukuu wake kwa mwendo kabla hajasalimiwa. Alimshika kichwa, akamwombea, akamuuliza maswali matano mfululizo. Ayan aligeuka kumtazama mama yake.

Basi Weris akakaa kati yao, mkekani, akafanya kazi yake. Mzee alisema, naye akasema, "Nimesikia unasomea kutibu watu; je, umeshamgusa mgonjwa au bado ni vitabu tu?" Msichana alijibu, naye akasema kwa Kisomali kwamba ameshawagusa, na wa kwanza alikufa, na alijificha chooni akalia. Ayan alikuwa hajawahi kumweleza mama yake habari hiyo. Weris aliipitisha kama ilivyokuja, kisha ikabidi anyamaze kidogo, na baba yake akasubiri, kwa kuwa alijua kimya cha namna hiyo hakihitaji kutafsiriwa.

Baada ya chai Ayan akasema, "Mwambie awoowe una shairi."

Weris hakutaka. Mzee alishasikia neno "shairi", ambalo alilijua kwa redio. "Lilete, aabo," alimwambia, kwa kuwa naye, kama baba wengi wa kule, humwita binti yake kwa jina ambalo binti humwita yeye.

Alilisoma polepole. Yahye alisikiliza akihesabu kwa vidole. Si mizani, alikuwa akihesabu B. Mwisho akasema, "Mstari wa pili, kati ya bado na bila, B yako imekaa mbali mno. Nilidhani imepotea."

"Ni kweli, aabo."

"Maneno ya Kiswahili nimeyapata machache. Baba, nimelijua. Biyo, langu. Hilo la mwisho, bubu, ni nini?"

Alimweleza: mtu asiyeweza kusema.

Mzee akasimulia jambo ambalo Weris hakuwahi kulisikia. Zamani, Weris akiwa bado hajazaliwa, Yahye alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na askari, akaulizwa kwa Kiswahili yeye ni nani na anakwenda wapi. Hakuelewa. Alijaribu kujibu kwa Kisomali, akaambiwa anyamaze. Walimsimamisha juani siku mbili, na katika siku hizo mbili alitunga gabay nzima kichwani, ya kujibu lile swali, mistari kumi na minne, na hakuwa na mtu wa kumpa. Aliporudi nyumbani hakuighani kisimani. Aliona haya.

"Haya ya nini, aabo?"

"Haya ya mshairi aliyekosa neno." Alielekeza uso upande wa Weris. "Nilipokupeleka kwa Maano, watu walisema ninampoteza mtoto. Sikupeleka mtoto asome. Nilipeleka mdomo."

"Anasema nini?" Ayan akauliza.

Weris aligeuza yote, tangu kizuizini. Alipofika kwenye sentensi ile ya mwisho alisema "nilipeleka mdomo" kwa sauti ileile ya siku zote, isipokuwa aliisema mara mbili.

"Hiyo shairi ya kwenye jua," Ayan akasema. "Bado anaikumbuka?"

Aliikumbuka. Ilikuwa ya herufi G. Alfajiri iliyofuata, baada ya sala, alianza kuitoa, na Ayan akachukua kalamu. Walifanya hivyo asubuhi tatu, kabla jua halijapanda. Yahye alighani mstari, Weris akautafutia Kiswahili chenye G, Ayan akaandika. Haikuwa kazi rahisi. Kiswahili kilitoa giza, kikatoa goti, gogo, gugu na gunia, kisha kikaanza kubana mkono. Ayan alichangia maneno ya Nairobi, mama yake akayakataa, akakubali mawili. Walibishana zaidi juu ya ngamia.

"Ngamia ina G ndani," Ayan akasema.

"Ndani haihesabiki," Weris akasema. "Inaanza na N."

Walimuuliza mzee. Alisema kwamba geel ni geel, na kama watu wa chini, wa Kiswahili, wanawataka kwenye shairi lao basi wawachukue na jina lao. Ndiyo maana mstari wa nne unasema, "Giza la vumbi lilipotanda, geel wangu wakapiga goti."

Siku ya kuondoka walikuwa na mistari tisa. Mingine waliimalizia kwa simu siku za Ijumaa, Weris akiwa Garissa, Ayan Nairobi, na jirani mmoja wa Eldas akimshikia mzee simu sikioni. Mstari wa kumi na mbili uliwashinda. Ulihusu gu', msimu wa mvua kubwa, na jinsi mtu anavyongoja kuitwa jina lake kama nyika inavyoingoja mvua hiyo. Weris alileta masika, haina G. Akaleta mengine, yakawa mapana kuliko wazo. Yahye alichoka akasema uachwe kwa Kisomali.

Hivyo ndivyo ulivyo mpaka sasa, mmoja wa Kisomali kati ya kumi na mitatu ya Kiswahili. Weris bado yuko mahakamani na kila mwezi huenda Modogashe. Ayan hulisoma shairi la babu yake mbele ya wenzake wanapomwomba, na kila Ijumaa humsomea babu mwenyewe kwa simu. Neno gu' hukatwa kooni ghafla, na yeye huliacha likapita bila kukatika. Mzee humsimamisha hapo kila mara, akasema hapana, tena, na msichana huanza upya.